"Tukiwalipa hao, wewe utafanya nini?"

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, niko Mbeya, nashughulika na TEHAMA kwenye kampuni inayouza mbolea, mbegu na dawa za kilimo. Ghala kuu liko Iyunga, matawi yako Tukuyu, Chimala, Makambako, Njombe na Tunduma. Vituo sita, na mtu wa mtandao ni mmoja, mimi, pamoja na mwanafunzi wa fildi kutoka MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambaye akianza tu kuizoea kazi muda wake unakuwa umeisha.

Mfumo wetu wa stoo uko kwenye seva hapa Iyunga. Tawi likikosa mtandao halioni mzigo uliopo na haliwezi kutoa hati ya kupakia. Desemba mwaka jana, mvua zimeshachanganya, radi ilipiga Makambako. Antena, ruta na swichi, vyote vikaungua. Mimi siku hiyo nilikuwa Kyela kwenye msiba wa baba mdogo. Simu ilinikuta makaburini, Shangazi. Nilielekeza kwa simu mpaka chaji ikaisha. Tawi likakaa siku mbili bila mtandao, malori matatu yamelala nje, wakulima wanahamia duka la jirani. Kwa hesabu yangu tulipoteza mauzo ya milioni 18.

Nikasema hapana. Nikatafuta kampuni ya Dar es Salaam inayosimamia mitandao ya makampuni mengine. Wanafunga vifaa vyao, wanaangalia laini zote kutoka kwao usiku na mchana, kitu kikizima wanajua kabla hujawapigia, na wanatuma fundi. Bei yao ni milioni 3.2 kwa mwezi kwa vituo vyote sita, yaani milioni 38.4 kwa mwaka, mkataba wa miaka mitatu. Nikatengeneza slaidi 24, nikaingia kwenye kikao cha menejimenti nikijiamini.

Mkurugenzi wetu ni mzee aliyeanza na meza ya mbegu pale Mwanjelwa. Mpaka leo kaunta buku lake liko mezani. Alinisikiliza kama dakika kumi, akaniuliza: "Tukiwalipa hao, wewe utafanya nini?" Nikakosa jibu. Mhasibu mkuu, mama mmoja mkali, akamalizia kwamba mtandao kukatika mara moja si sababu ya kutoa milioni 38. Kikao kikahamia kwenye matairi ya malori.

Nimepewa nafasi nyingine Septemba. Niseme nini wanielewe? Na je, mwenzako najitia kitanzi kwa mkono wangu mwenyewe?

Fundi wa Iyunga, Mbeya

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba. Kupigiwa simu ya ruta wakati mwenzako anatupa udongo kaburini, hilo peke yake lingetosha kufungulia kikao, na wewe ukalificha nyuma ya slaidi 24.

Nikwambie kwanza nilikotoka. Nimekuwa mhasibu miaka mingi, nikianzia kwenye chai Mufindi, nikaishia kwenye malori hapa Iringa. Yule mama mkali wa kikao chenu ni mimi. Nimewakatalia vijana wa TEHAMA mara nyingi, na wengine, nakiri, walikuwa na haki ila walikuja na hesabu ambazo nisingeweza kumpelekea mkaguzi. Kwa hiyo nitakujibu kutoka upande ule wa meza.

Tuanze na swali la mzee, maana naona limekuuma ukadhani ni dharau. Si dharau. Mtu aliyeanza na meza Mwanjelwa kila akitaka kutoa hela kwenye kitu kipya hujiuliza kitu cha zamani kitakwenda wapi. Akinunua lori jipya atauliza la zamani linauzwa lini. Wewe umemletea mzigo mpya wa milioni 38 na mshahara wako uko palepale, hujaugusa hata kwa neno moja. Angekuwa nani asingeuliza? Na kunyamaza kwako kulimwambia moja kati ya mawili: ama hujafikiri, ama umefikiri na jibu linakutisha.

Basi liandike jibu, na liwe mwanzoni kabisa. Andika kazi unazotakiwa kufanya ambazo hazifanyiki kwa sababu uko njiani kuelekea Tunduma kuwasha ruta. Nabahatisha, lakini nina hakika sikosei sana: hesabu za stoo za matawi hazilingani na za Iyunga, nakala za akiba za seva hazijawahi kujaribiwa kama zinafunguka, keshia wa Chimala anatumia nywila moja na wenzake wote. Mweleze mzee kwamba mwezi wa kwanza utafanya hili, wa pili lile, na kwamba mkataba wenyewe unahitaji mtu wa ndani wa kuusimamia, mtu wa kusema "hapa mlichelewa saa nne, punguzeni ankara". Kampuni ya nje isiyo na msimamizi wa ndani hujikagua yenyewe, na mzee anajua mtu anayejikagua mwenyewe hupata alama gani.

Sitakudanganya, ziko kampuni zilizofuta kitengo kizima baada ya mkataba kama huu. Lakini kama kazi yako yote ni kuzima na kuwasha vifaa, hatari hiyo unayo tayari, mkataba uwepo au usiwepo. Afadhali ulitaje jambo hilo mwenyewe kuliko kulisubiri litajwe na mhasibu.

Sasa hesabu. Hiyo milioni 18 ifute. Kwanza ni mauzo, si faida. Mbolea ya ruzuku inauzwa kwa bei elekezi, na wewe unajua kuliko mimi mfuko mmoja unawaachia nini. Pili, mkulima wa Makambako aliyekuta mtandao umekata Jumanne, je, hakurudi Alhamisi? Wengine walirudi. Mhasibu atafungua mauzo ya wiki iliyofuata mbele ya kikao, atakuonyesha yalivyopanda, na kuanzia hapo hakuna namba yako itakayoaminiwa. Na tafadhali usije ukasema mashine ya EFD, ile ya risiti za TRA, nayo ililala. Ile ina laini yake ya simu, na kila mhasibu anajua.

Chukua hasara zenye karatasi. Malori matatu kulala usiku mbili, mliwalipa madereva posho, na kama ni ya kukodi kuna gharama ya kusubirisha. Vibarua wa kupakia walikuja wakalipwa wakakaa. Antena, ruta na swichi mpya zina risiti. Nauli yako Kyela hadi Makambako, mzigo uliotumwa kwa basi, fundi wa kupanda mnara. Jumlisha. Itakuwa ndogo sana kuliko milioni 18, na hapo ndipo nguvu yake ilipo, kwa sababu hakuna wa kuipinga.

Halafu mhasibu amesema ilikatika mara moja. Hilo ndilo kosa lenu kubwa, kwamba anaamini hivyo kwa dhati, kwa kuwa hamna kumbukumbu. Lakini kumbukumbu ipo, mwanangu, mnaiandika kila siku bila kujua. Fungua makundi ya WhatsApp ya matawi, tafuta neno "mtandao", tafuta "neti", tafuta "mfumo umegoma", kuanzia Novemba mwaka jana. Kila ujumbe una tarehe na saa. Andika kwenye kaunta buku: tawi gani, ilikatika saa ngapi, ilirudi saa ngapi, nini kilisimama, na sababu. Nasisitiza kaunta buku, si jedwali la kompyuta. Mzee wako ataligeuza kurasa kwa kidole chake mwenyewe.

Ukishaandika sababu utakutana na jambo ambalo huenda usilipende. Sehemu kubwa ya kukatika kwenu huenda hakuna kampuni ya Dar es Salaam itakayoizuia. Umeme ukikatika na UPS, lile betri la akiba, imekufa, mtu anayeangalia kioo Dar es Salaam ataona tu kwamba Chimala imezima. Radi nayo haisomi mkataba. Nyanda zetu hizi Novemba mpaka Aprili ni radi juu ya radi, na antena iliyofungwa kwenye bomba juu ya bati bila waya wa kuipeleka radi ardhini ni kama umeiita. Waya, nondo ya kuchimbia, vifaa vya kuzuia umeme mkubwa kwenye kebo, betri mpya za UPS, na ruta moja ya akiba iliyokwisha kupangwa, imefungiwa kabatini kila tawi la mbali. Omba hivyo kwanza, hata wiki ijayo, kwa barua fupi ya ununuzi. Vina bei ya kawaida, na vikishafungwa, utaingia kikao cha Septemba ukiwa mtu aliyekwisha anza kulinda kitu. (Mvua za kuvipima kabla ya Septemba hutazipata, najua. Tumia mfano wa tawi ambalo antena yake iko salama.)

La laini ya pili pia lifikirie kabla ya mkataba. Wengi hununua laini mbili kutoka kampuni mbili wakadhani wamelala usingizi, kumbe faiba zote mbili zimepita mtaro mmoja kando ya barabara kuu ya TANZAM, na kijiko kimoja cha wajenzi kinazimaliza pamoja. Unakumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024? Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na nchi nzima ikahaha, pamoja na watu waliokuwa na laini za kampuni tofauti. Kwa mfumo wenu afadhali seva iko Iyunga, haihitaji kuvuka bahari. Lakini swali la kuuliza kila muuzaji ni lilelile: waya wako unapita wapi kutoka Makambako mpaka Iyunga? Kama moja ni faiba, ya pili iwe ya mnara wa simu.

Tuje kwenye bei uliyopewa. Milioni 38.4 ni kabla ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, au baada? Nina hakika ni kabla. Kwa asilimia 18 inakuwa milioni 45.3. Kampuni nyingine ingejifariji kwamba VAT hiyo itairejesha, lakini ninyi mnauza mbolea, mbegu na dawa, bidhaa ambazo kwa kawaida zimesamehewa VAT, kwa hiyo sehemu kubwa ya hiyo milioni 6.9 inaweza kubaki ni gharama yenu halisi. Mwulize mhasibu, mwache yeye akueleze, atafurahi. Kuna pia kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, shilingi 160,000 kila mwezi, ambayo mnaikata kwenye hela ya mtoa huduma na kuipeleka TRA. Si gharama yenu, ila muuzaji akikupa bei akasema "hii ni mkononi, kodi juu yenu", basi imekuwa yenu. Namba hizi zikitoka mdomoni mwako kwanza, utaona mama mkali anainua kichwa.

Watakaokuuzia huduma watakupa hoja moja tamu, nakuomba uiache. Watakwambia wiki ina saa 168, sheria ya kazi inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo kupata mtu wa mtandao usiku na mchana unahitaji waajiriwa wanne, na wanne ni ghali kuliko mkataba. Hesabu ni sahihi kabisa. Lakini duka la mbolea Tukuyu linafungwa jioni! Nani anapakia lori saa tisa usiku? Mzee atacheka, na atakuwa na haki. Hoja yenu ya kweli ni ndogo na kali zaidi: sheria inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na kuna kuugua, na kuna misiba, na ukiwa Njombe huwezi kuwa Tunduma. Mwulize mzee kwa upole, je, mwaka jana nilikwenda likizo siku ngapi? Kama ni zile za msiba wa Kyela tu, atazikumbuka.

Na hapo hapo unapata njia ya kupunguza bei. Mnahitaji mtu wa kuangalia mtandao saa za kazi, Jumatatu mpaka Jumamosi, na msimu wa mbolea labda mpaka saa mbili usiku. Rudi kwa muuzaji umwambie hivyo. Mwambie pia hutaki vituo sita. Anza na vitatu, Iyunga, Makambako na Tunduma, miezi sita, Novemba mpaka Aprili, mvua na msimu vikiwa pamoja. Kwa bei ileile ya kila kituo ni milioni 9.6, na VAT milioni 11.3 na kidogo. Atataka kuongeza kwa kuwa vituo ni vichache, jadiliana. Mzee asiyeweza kusema ndiyo kwa milioni 136 za miaka mitatu anaweza kusema ndiyo kwa milioni 11 za msimu mmoja, na matawi matatu yaliyobaki yatakuwa kipimo. Ukifika Mei una madaftari mawili ya kulinganisha.

Kwenye mkataba wenyewe nina mambo machache yanayonikera, maana nimeyaona. Watakuandikia "upatikanaji wa asilimia 99" na menejimenti itaona ni alama ya juu. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Asilimia moja ni saa 7 na dakika 12. Zote zinaweza kuangukia Jumatatu moja ya Desemba na wao wakawa hawajavunja chochote. Asilimia 99.5 ni saa 3 na dakika 36. Taka izungumzwe kwa saa, na kwa saa za kazi. Halafu wataandika kwamba watajibu ndani ya dakika 15. Kujibu si kutengeneza! Mtu kupokea simu na kukupa namba ya tatizo, hilo hata mimi naweza. Uliza fundi anatoka wapi. Kama anapanda basi Dar es Salaam, apande Kitonga, aje mpaka Mbeya, ni zaidi ya kilomita 800, na kesho yake ndiyo aende Tunduma, basi mmenunua namba ya simu. Wawe na fundi Mbeya au Makambako, iandikwe.

Vifaa ni vya nani siku mkataba ukiisha? Nywila za ruta na mipangilio yake mtakabidhiwa? Ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya kabati la chuma la mhasibu, zikibadilishwa bahasha inabadilishwa. Kampuni moja niliyoifahamu iliwahi kugombana na mtoa huduma ikagundua kwamba hata jina lake la tovuti limesajiliwa kwa jina la yule mtoa huduma. Walirudi mezani wamenywea.

Na msisahau kwamba kwenye mfumo wenu kuna majina na namba za simu za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023, haiwaondolei mzigo kwa kuwa mmempa mtu mwingine funguo. Mkataba useme anaona nini, haoni nini, na taarifa zikivuja anawaambia lini. Mwanasheria wenu aupitie hata kwa saa moja.

Sasa nani aseme. Si wewe peke yako. Meneja wa Makambako ndiye aliyesimama na madereva wenye hasira, aje aseme dakika tatu, kwa maneno yake. Wewe ulete karatasi moja ya A4, upande mmoja: hasara zenye risiti, gharama kamili na kodi, ombi la vituo vitatu, kazi zako za miezi sita. Slaidi zibaki nyumbani.

Lakini kabla ya kikao, nenda kwa mama mhasibu. Usimvizie mlangoni, omba nafasi, na usiende mwisho wa mwezi mishahara inapoandaliwa wala siku za kufunga marejesho ya kodi. Mpelekee hesabu ikiwa bado ina penseli. Mwambie, "Mama, hapa kwenye VAT sina uhakika, nisaidie." Akisahihisha namba zako zinakuwa namba zake, na hatazipinga kikaoni. Nasema hivi kwa kujisaliti mwenyewe, kwa sababu ndivyo kijana mmoja alivyonipata mimi, na nilishtuka baadaye kabisa kwamba ombi lile nimelitetea kuliko yeye.

Wakikataa tena, usigombe. Omba zile nondo, UPS na laini ya pili ya Makambako tu, uendelee kuandika kaunta buku. Na yule mwanafunzi wa fildi mfundishe kuliandika, ili siku nyingine ukiwa msibani awepo wa kushika kalamu, na simu yako uizime.